Kadi Mbili na Rola Moja

Viatu vyangu vya kwanza nilinunuliwa Singida mjini, katika duka la Mhindi mmoja lenye baraza ya saruji. Baba alikuwa ameuza mbuzi. Kwa nini aliamua mimi nivae viatu sijui mpaka leo, maana yeye mwenyewe alitembea pekupeku hadi siku aliyozikwa. Aliyenipima mguu hakuwa mwenye duka bali mama yake, bibi kizee wa Kihindi aliyekaa kwenye kigoda karibu na magunia ya chumvi. Hakutumia futi. Alikata uzi wa cherehani kwa meno, akauweka kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole gumba, kisha akawa anautumbukiza uzi huo ndani ya kiatu kimoja baada ya kingine, anatikisa kichwa, anakirudisha.

"Mguu wa mtoto huyu unakua kama muhogo," akamwambia baba. "Chukua vikubwa."

Baba akasema hapana, apewe vya kumtosha leo. Alikuwa mtu wa leo, baba yangu. Kesho hakuijali sana, na ukitazama jinsi mambo yalivyokwenda hakukosea sana. Yule bibi akanipa kipande cha sukari guru, akanishika shavu, akasema neno kwa Kihindi ambalo sikulielewa lakini nilijua ni zuri.

Tulirudi kwetu upande wa Iguguno kwa miguu, siku mbili, tukalala kwa shangazi njiani. Kabla ya kufika kwa shangazi viatu vilikuwa vimeshanitoa malengelenge, nikavivua nikavining'iniza shingoni. Basi nikawa natembea juu ya mawe ya barabara ile, mawe makali yaliyomwagwa upya, nikamuuliza baba, "Mawe haya nani kayaleta?"

"Watu."

"Kwa nini?"

"Wameambiwa."

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na sijasikia mtu akiieleza kazi ya barabara kwa maneno machache zaidi. Miaka ikaenda, nami nikawa mmoja wa walioambiwa.

Nilianza kazi ile kidogo kabla ya Uhuru, upande wa halmashauri. Darasa la pili la misheni halimpeleki mtu ofisini. Kambi yetu ilikuwa vibanda vya nyasi kando ya barabara ya Singida kwenda Iguguno, na kazi yetu ilikuwa kujaza mashimo kwa kifusi, kupasua mawe, kuzibua mifereji kabla ya masika, na kuvuta rola. Hapo kwenye rola naomba nikae kidogo, maana bila rola hutanielewa.

Rola letu lilikuwa pipa la mafuta lililojazwa zege, likapitishwa chuma katikati, na kwenye chuma zikafungwa kamba mbili za katani. Ukishamwaga kifusi na kukimwagia maji, unalipitisha rola juu yake kwenda na kurudi mpaka ardhi inakuwa ngumu. Asiyejua atafikiri rola linavutwa kwa nguvu. Si kweli. Tulikuwa na mtu mmoja kutoka Sepuka, shingo yake kama ya fahali, akivuta peke yake rola linamtazama tu. Rola linavutwa kwa wimbo. Wote mkivuta kwa neno moja, kwa pumzi moja, linanyanyuka kama ng'ombe aliyelala akakumbuka maji. Kwa hiyo mtu wa maana kwenye kamba alikuwa mwimbishaji.

Mwimbishaji wetu alikuwa mzee wa Kinyaturu kutoka Mungaa. Mwembamba, macho ya kucheka. Mbavu zake za kushoto zilivunjwa na gogo la daraja enzi za Mwingereza, tangu hapo hakuweza kuvuta wala kupiga nyundo. Alitembea kando ya kamba na kijiti mkononi, akiimba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote, na hakuna aliyeona kwamba ni ndogo. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Ukiwa umbali wa maili nzima unapasua mawe uliweza kusema leo amemsema nani.

Maana alisema watu. Nyimbo za rola si nyimbo za kanisani. Anaanza mmoja, kamba nzima inaitikia, na kwenye kuitikia ndipo mnapovuta:

"Mke wa nyapara!"

"Eee!"

"Kanipikia uji!"

"Vuta!"

"Uji una maziwa!"

"Eee!"

"Ng'ombe simuoni!"

"Vuta!"

Nyapara mwenyewe, msimamizi wetu, alikuwa anasimama pale pale akicheka mpaka anashika tumbo. Na huo nilioandika ni ubeti wa asubuhi, wa kuamshia viungo. Beti za saa sita jua likiwa utosini siziandiki, nina wajukuu wanaosoma. Mzee alichanganya Kiswahili na Kinyaturu, na sisi Wanyiramba akatuwekea kipande chetu ili tusinung'unike. Nilikuwa naitikia kuliko wote. Alinipenda kwa hilo. "Kijana wa Kinyiramba," alikuwa ananiambia, "wewe ukiitikia mimi nasikia utamu mpaka kwenye hizi mbavu mbovu."

Sasa vyama.

Uhuru ulipokuja, kila mfanyakazi akataka kuwa na chama. Lakini sisi wa barabara tulikuwa wa aina mbili. Sisi tulikuwa wa halmashauri. Mbele yetu, kuanzia darajani kuelekea Iguguno, lilikuwapo kundi la wenzetu walioajiriwa na serikali kuu. Barabara moja, mashimo yale yale, vumbi lile lile. Chama cha watumishi wa halmashauri kikaja kwetu na kadi nyekundu. Chama cha watumishi wa serikali kikaenda kwao na kadi ya kijani. Halafu kila chama kikasema watu wote wa barabara ni wa kwake. Wakawa wanakuja kwa baiskeli, leo huyu, kesho yule, kila mmoja akitueleza kwamba mwenzake ni mwongo.

Mpaka hapo tulikuwa tukikutana darajani tunagawana tumbaku. Baada ya kadi, basi. Mtu wa kijani akipita kambini kwetu hapewi maji.

"Nyie chama cha wafagia soko!" wanatupigia kelele kutoka ng'ambo.

"Na nyie cha kubeba mafaili ya Mzungu! Mzungu ameondoka, mafaili mnampelekea nani?"

"Angalau sisi tuna rola la chuma. Lenu ni pipa!"

Hilo liliuma, maana lilikuwa kweli.

Masika ya kwanza pipa letu likanasa kwenye tope la mto mkavu, chini ya daraja la mbao. Tulivuta asubuhi nzima. Nyapara akaenda kuwaomba kijani waje kutusaidia, wakaja, kwa sababu nyapara wao alikuwa shemeji yake. Wakashika kamba ya kulia, sisi ya kushoto. Ikabaki swali la nani aimbishe. Wao walikuwa na mwimbishaji wao, kijana aliyesoma mpaka darasa la nane, kalamu mfukoni, ambaye pia ndiye alikuwa katibu wa tawi lao. Na siku hizo ilikuwa imeshaaminika, sijui aliyeianzisha ni nani, kwamba ukiitikia wimbo wa chama kingine umehama chama. Kuitikia ni kama kusaini.

Basi wakaimba wote wawili. Mzee wetu anaimba mke wa nyapara, katibu wao anaimba tujenge taifa. Sisi tukaitikia wetu, wao wakaitikia wao. Sisi tunavuta wao wamelegeza, wao wanavuta sisi tunavuta pumzi. Rola likatoka kwenye tope, hilo nalikubali, lakini likatoka kwa ubavu. Likageuka kushoto, likageuka kulia, kama mlevi anayetafuta mlango, halafu likaviringika likaingia korongoni na kamba zote mbili. Likakaa huko siku tatu. Mbuzi wakawa wanalipanda kuotea jua. Watu wazima, wake na watoto nyumbani, tumesimama tunatazama mbuzi juu ya rola, na bado kila upande unasema, "Mngeitikia nyie."

Nacheka sasa. Siku ile sikucheka.

Mwisho wa masika hayo mzee akaugua kifua, nikatumwa nimsindikize kwao Mungaa. Tulikwenda polepole, anapumzika kila kilima, na kila anapopumzika ananitungia ubeti. Tulipofika, binti yake akaniletea maji kwenye kata. Nikanywa kata tatu na sikuwa na kiu. Sitasema zaidi ya hapo, huyo binti ni mke wangu na mwandiko wangu anausoma.

Wajomba zangu walipokwenda kuposa mzee alikubali kabla hawajamaliza kusema. Aliwaambia, "Kijana huyu nampenda. Binti nampa. Lakini mmeniharibia kamba." Wajomba hawakuelewa. Waliporudi wakaniuliza maana yake nini, nami nikasema sijui, na kweli sikujua.

Nilijua asubuhi ya kwanza baada ya harusi.

Wasomaji wa siku hizi mnakula na baba mkwe meza moja, mnataniana naye. Kwetu na kwao haikuwa hivyo. Mkwe halali nyumba moja nawe, hali nawe, humtaji jina, hukutani naye njiani ila unapisha pembeni unachuchumaa, "Shikamoo baba," naye anajibu akitazama milima, "Marahaba. Wazima huko?" Basi. Na kitu kilichokatazwa kuliko vyote ni maneno ya utupu. Mkwe asikie utupu kutoka kinywani mwa mkwe? Bora nyumba iungue.

Nikashika kamba kama kawaida. Mzee akainua kijiti, akaanza, "Mke wa—" akaniona. Akameza. Akakohoa. Akatazama mbinguni.

"Jua limetoka!" akaimba.

Watu wakaangaliana. "Eee," wakasema, kama wanaoulizwa.

"Mawingu yamekwenda!"

"Vuta," wakasema. Rola halikwenda popote.

Ikawa hivyo siku nyingi. Jua, mawingu, mtama, ng'ombe mweupe wa babu. Mtu wa Sepuka aliniambia, "Ndugu yangu, tangu umeoa tunavuta tanzia." Nyapara akaanza kunung'unika kwamba kazi ya siku moja inachukua siku mbili. Na mzee akawa anakonda. Nilimwona mchana akikaa peke yake, midomo inacheza bila sauti, anaimba kimoyomoyo zile zinazostahili. Nikajaribu kwenda kwenye nyundo, mbali kidogo na kamba. Lakini nimeshasema sauti yake ilifika wapi. Alijua nasikia, nami nilijua anajua.

Mahali pekee ambapo sauti yake haikufika palikuwa ng'ambo ya daraja. Na ng'ambo ya daraja hupati kazi bila kadi ya kijani.

Nikahama.

Sikumweleza mtu. Nitaelezaje? Nisimame mbele ya watu niseme nimehama kwa sababu nyimbo za mkwe wangu ni chafu? Kulitamka tu ni kumvua nguo. Kwa hiyo nikaonekana msaliti. Kambi nyekundu walinitemea mate mbele ya miguu. Yule wa Sepuka, rafiki yangu wa sahani moja, alisema, "Amefuata rola la chuma." Ng'ambo, katibu alinipa kadi kwa mikono miwili, akanipeleka kwenye kamba, akasema kwa sauti, "Ndugu zangu, hata mkwe wa mwimbishaji wao ameona mwanga!" Nikaitikia tujenge taifa. Niliitikia vibaya. Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, lakini mimi nilikuwa namsikiliza mtu asiyekuwepo.

Jioni moja, mke wangu akitoka kuwaona wazazi wake, nilimuuliza, "Baba amesema nini juu yangu?"

Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha. "Amesema kuna watu wanahama kwa tumbo na kuna watu wanahama kwa adabu."

"Mimi akasema ni yupi?"

"Hakusema."

"Na wewe hukumuuliza?"

"Wewe mbona hukuniambia mimi?" Akapuliza makapi. Baadaye akaja akakaa karibu yangu, akaweka kichwa chake begani kwangu, jambo ambalo wanawake wa kwao hawafanyi ovyo. Akasema, "Kuku huyu kanipa nikuletee. Kasema ni wa mtu mwenye masikio." Tukamfuga kuku yule. Alitaga sana, sikuwahi kuona kuku wa namna ile, alitaga hata kwenye kofia yangu. Lakini hayo ni ya kuku.

Mwaka mmoja ukapita, na zaidi. Mzee alikuwa amerudia nyimbo zake, wasafiri walituletea habari. Walisema pipa la wekundu linakwenda kama limepata injini. Nilifurahi peke yangu.

Halafu siku moja dukani Iguguno, redio ikasema sheria imetoka Dar es Salaam: vyama vyote vya wafanyakazi vinavunjwa, kinakuwa chama kimoja cha nchi nzima. Watu tulikuwa tumesimama barazani na chupa za mafuta ya taa. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyelia. Mzee mmoja wa kijani akatoa kadi yake, akaitazama mbele na nyuma, akauliza, "Sasa hii ni ya nini?" Mwenye duka akamwambia, "Weka. Labda watabadili tena." Nasikia alizikwa nayo.

Miezi michache baadaye makundi mawili yakaunganishwa. Chama kimoja, kambi moja, na rola moja, lile la chuma, kwa sababu pipa lilikuwa limepasuka ubavu. Siku ya kwanza watu walikaa kama maharusi wasiojuana. Wekundu walichota maji pipa lao, kijani pipa lao, ingawa mapipa yalikuwa yamewekwa bega kwa bega na maji yalitoka kisima kimoja. Ilipofika mchana mtu wa Sepuka akakosea makusudi, akachota la kijani, akanywa, akajifuta mdomo. "Yana chumvi vile vile," akasema. Watu wakacheka, na nadhani muungano wetu ulifanyika hapo, sio kwenye ile karatasi.

Akanitazama mimi. Akanisukumia kata. Nikanywa.

Mzee nilimwona kwa mbali. Nilichuchumaa, "Shikamoo baba." Akatazama milima. "Marahaba. Wazima huko?" Alikuwa amezeeka. Sauti tu ndiyo ilikuwa ya zamani.

Mkutano wa tawi ulifanyika mchana huo huo. Wakachagua mwenyekiti, wakamwacha yule kijana kuwa katibu kwa sababu ya kalamu yake. Kisha nyapara wetu wa zamani, ambaye sasa ndiye alikuwa wa wote, akasema, "Rola ni moja. Sitaki waimbishaji wawili, tuliona korongoni. Nani?"

Katibu akasimama. Sitamsema vibaya, alikuwa mtu safi. Akasema, "Mzee wetu namheshimu. Lakini nyimbo zake zinamtaja kila mwanamke wa wilaya hii. Sasa tuna nchi."

Mzee akauliza akiwa amekaa, "Kuna mwanamke amekuletea malalamiko, katibu?"

"Hapana, mzee."

"Hata mama yako?"

Watu wakaanguka kwa kicheko, katibu naye akacheka. Lakini mzee alipoendelea hakucheka. Alisimama akashika mbavu zake. "Mimi sina mgongo," akasema, "nina koo. Mkinitoa kwenye kamba mtanipeleka wapi? Kwenye nyundo? Nyundo inataka mbavu. Mtanirudisha Mungaa nikakae mlangoni nihesabiwe na nzi. Semeni tu."

Nyapara akajikuna kichwa. Alikuwa na barua kwamba makundi yakiungana asibaki mtu asiye na kazi yake. Akasema, "Kesho asubuhi tuna ule mwinuko wa majabali. Mzee ataimbisha. Rola likifika juu, ni mwimbishaji wetu sote, na wa kijani na wa nyekundu. Lisipofika, mzee wangu, utanisamehe."

Mke wangu aliposikia hakula. "Atalifikisha," nikamwambia. "Baba yako? Atalifikisha."

Akanitazama. "Na wewe utakuwa wapi?"

Nikasema nitakuwa kwenye kamba, watu wote wanatakiwa kwenye kamba. Sikujiruhusu kusikia alichouliza hasa.

Asubuhi kulikuwa na baridi na upepo ule wetu wa Juni unaokausha midomo. Lile rola la chuma lilikuwa zito kuliko pipa. Tukajipanga, wekundu na kijani tumechanganywa, nyapara alituchanganya mwenyewe kama mtu anayechanganya mahindi na maharage. Mimi nikawekwa katikati, mbele yangu mtu wa Sepuka. Katibu naye alishika kamba, amevua shati, kalamu ameiacha.

Mzee akaja na kijiti chake. Akatembea kando ya kamba kutoka mbele kwenda nyuma, anatazama mikono ya watu, kama zamani. Alipofika kwangu akatazama kamba tu. Akarudi mbele. Akainua kijiti.

Kijiti kikateremka kidogo, kikapanda tena.

"Jua limetoka," akaimba.

Watu wake wa zamani wakainamisha vichwa. Kijani wakaitikia kwa nguvu, maskini, walifikiri ndio wenyewe. Rola likasogea shibiri, likarudi.

"Tena!" nyapara akasema.

"Mtama umeiva!" Sauti ilikuwa kubwa lakini haikuwa na kitu ndani, kama debe. Rola likapanda kidogo, mtu mmoja akateleza, tukaliwekea jiwe nyuma lisituue. Nikasikia kijana mmoja wa kijani akimnong'oneza jirani yake, "Ndiye huyu waliyekuwa wanatutambia?"

Mtu wa Sepuka akageuza shingo yake ile, akanitazama. Ndipo nilipoona kwamba ameelewa, pengine wakati ule ule, kwa nini niliondoka. Macho yake yalijaa maji. "Ndugu yangu," akasema polepole. "Basi tu."

Nyapara akasema, "Mzee, mara ya tatu. Ya mwisho." Hakusema kwa ukali. Mzee alikuwa ametugeuzia mgongo, ameshika mbavu, anatazama milima kana kwamba mimi ndiye nimechuchumaa mbele yake na ananijibu salamu.

Niliachia kamba. Nikamwambia aliyekuwa nyuma yangu, "Nishikie hapa, naenda vichakani mara moja." Akashika. Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye kichaka cha miiba na ndani yake mlikuwa na kadi mpya ya chama kile kimoja, ambayo sikuwa nimekaa nayo hata wiki. Sikulichukua. Ningelichukua wangejua, na mzee angejua kwamba wamejua.

Nikapita kati ya majabali. Sikukimbia. Mtu anayekwenda haja hakimbii, wala hatazami nyuma. Nilipofika upande wa pili wa mwinuko nikasikia kikohozi kimoja. Halafu ile sauti ikatoka, ile yenyewe, na kamba yote ikaunguruma kuitikia, wa kadi zote mbili, na chini yake nikasikia chuma kikianza kusaga mawe.

Alikuwa anakuja kwenye ubeti wa pili. Nikaongeza mwendo, maana mkwe hasikilizi. Nikashika njia ya nyumbani kumchukua mke wangu, tukaenda kulima Sepuka, na kule barabarani sikurudi tena.